Namna ya kudumu katika kazi ya ulinzi baada ya kuvunjika moyo

Vijana wengi wanaoingia katika kazi ya ulinzi wa kibinafsi nchini Kenya huanza safari yao kwa kushindwa mahali pengine. Kijana huamka saa kumi alfajiri siku ya usajili wa polisi au wa jeshi, akafika uwanjani, akakimbia, akapimwa urefu, akafunguliwa mdomo meno yakakaguliwa, kisha akaambiwa arudi nyumbani kwa sababu ya kovu la utotoni au kwa sababu nafasi za eneo lake zimejaa. Miezi michache baadaye jirani humwambia kwamba kuna kampuni mjini inayoandika walinzi, naye huenda huko akiwa tayari ameihesabu kazi hiyo kuwa makombo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana huyo, na pia kwa ajili ya mlinzi ambaye yuko kazini na amekwisha kupata pigo la pili au la tatu: mshahara uliokatwa kwa wizi ambao hakuuona, barua ya onyo, lindo lililofungwa ghafla, au cheo kilichokwenda kwa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika redio. Nilianza kama mlinzi wa usiku katika Eneo la Viwanda jijini Nairobi na baadaye nikawa mkaguzi wa malindo, kwa hiyo barua hizo nimeandikiwa na pia nimewaandikia wengine. Watu hupenda kumwambia mlinzi kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali ni ya kweli, lakini nimewaona wavumilivu wengi wakikaa miaka kumi chini ya mti usiozaa, na nimeona pia kwamba wale waliosonga mbele walikuwa na tabia moja: waliandika mambo, wakahifadhi karatasi zao, na pigo lilipowafika walikuwa na kitu cha kuweka mezani.

Ulipokataliwa usajilini

Kabla ya kujilaumu, ulizia hasa umekataliwa kwa sababu gani, kwa kuwa baadhi ya sababu hurekebishika na nyingine hazirekebishiki. Jeshi la Kenya hutangaza kwamba mwombaji awe na urefu usiopungua mita 1.60 na kwamba askari wa kawaida awe na umri wa kati ya miaka 18 na 26. Polisi kwa miaka mingi wamedai wastani wa alama ya D+ katika mtihani wa kidato cha nne. Urefu hauongezeki kwa mazoezi, na umri haurudi nyuma. Alama, kwa upande mwingine, zinaweza kurudiwa kama mtahiniwa wa kibinafsi, na maradhi mengine yanayogunduliwa uwanjani yana tiba. Ikiwa kizuizi chako ni cha aina ya pili, panga kujaribu tena huku ukifanya kazi ya ulinzi. Ikiwa ni cha aina ya kwanza, fanya uamuzi mapema na uache kuhudhuria kila usajili kwa kubahatisha, kwani kila safari ya namna hiyo hukugharimu zamu za kazi na nauli, na mara nyingi hukukutanisha na mtu anayedai kwamba anamjua mkubwa fulani atakayekupitishia jina kwa malipo. Mtu huyo mkimbie. Familia zimeuza ng'ombe kwa ajili ya majina ambayo hayakusomwa kamwe.

Karatasi kabla ya sare

Sekta hii ilibadilika tangu Bunge lilipopitisha sheria ya kudhibiti ulinzi wa kibinafsi mwaka 2016 na kuunda mamlaka inayojulikana kwa kifupi kama PSRA. Siku hizi mlinzi anatakiwa kuwa na mafunzo yanayotambuliwa, kusajiliwa na mamlaka hiyo, na kupewa namba yake mwenyewe ya usajili, ambayo walinzi wengi huiita GFN. Namba hiyo ni yako, haimilikiwi na kampuni iliyokuajiri, na ndiyo sababu nakushauri uiandike mahali pengine mbali na kitambulisho cha kazi, ambacho huchukuliwa siku unayoondoka.

Karatasi inayowachelewesha wengi ni cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai. Maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ada ambayo kwa muda mrefu imekuwa shilingi 1,050 hulipwa kwa simu, kisha mwombaji huchapisha fomu na kwenda kuchukuliwa alama za vidole katika makao makuu ya idara hiyo kwenye Barabara ya Kiambu au katika kituo cha Huduma. Iwapo wino utapakwa vibaya, alama hukataliwa na utaitwa upya, kwa hiyo osha na kukausha mikono vizuri, hasa kama umekuwa ukifanya kazi ya mjengo ambayo imekula ngozi ya vidole. Kama uliwahi kushtakiwa na kesi ikaondolewa au ukaachiliwa huru, usidhani kwamba rekodi imejifuta yenyewe. Nenda katika mahakama iliyosikiliza kesi, ulipie nakala ya uamuzi iliyopigwa muhuri, na uipeleke kwa idara hiyo ukiomba rekodi isahihishwe. Nimemjua kijana aliyekosa kazi mara tatu kwa sababu ya kesi ya ugomvi iliyoondolewa zamani, na muda wote huo hakuwahi kwenda kuchukua ile karatasi moja.

Hapa pia ndipo mawakala hujitokeza. Kwa kazi ya ndani ya nchi, kampuni inayokutaka ulipie sare, mafunzo na nafasi yenyewe kabla ya kukupa mkataba inastahili kuulizwa maswali mengi. Kwa kazi ya nchi za Ghuba, hakikisha kwanza kwamba wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha usome mkataba wenyewe badala ya kusikiliza sifa zake. Katika Milki ya Falme za Kiarabu sheria ya kazi ya mwaka 2021 inamkataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri na kumzuilia hati zake kama pasipoti. Huko Dubai mlinzi hawezi kusimama lindoni bila kibali cha SIRA, mamlaka inayosimamia ulinzi katika mji huo, na kibali hicho hutanguliwa na mafunzo na mtihani. Basi wakala anayekuahidi kuanza kazi kesho yake baada ya kutua, bila mtihani wowote, ama haijui kazi hiyo au anakupeleka kufanya kazi nyingine.

Miezi ya kwanza ya usiku

Wanaoacha kazi mapema huacha zaidi kwa sababu ya usingizi kuliko kwa sababu ya wezi. Zamu ya usiku yenye urefu wa saa 12 ikifuatwa na mwendo wa kutembea kutoka Westlands hadi Kawangware, kisha chumba cha mabati ambacho saa sita mchana kinawaka kama tanuri, huku watoto wa ploti wakicheza mlangoni, humfikisha mtu mahali ambapo mwili unalala wenyewe hata akiwa amesimama. Katika kampuni nyingi kulala lindoni ni kosa la kufukuzwa, na mkaguzi anayekuja saa kumi usiku anaijua saa hiyo kwa sababu naye aliwahi kuipigania.

Lala mara moja unapofika nyumbani, kabla jua halijapanda, hata kama unahisi kwamba bado una nguvu za kufua nguo. Ukipata saa tano kabla ya mchana kuwa mkali, unaweza kuamka, kula na kufanya shughuli, kisha ukalala tena saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Ning'iniza blanketi zito dirishani na uwaambie majirani waziwazi saa zako za kulala, kwa maana wengi hupiga redio kwa kutojua tu. Kula ugali wako jioni kabla ya zamu na ubebe kitu chepesi cha usiku, kwani sahani iliyojaa saa saba usiku ndiyo dawa ya usingizi iliyo bora kuliko zote. Chai ya rangi ikomee saa nane usiku ili isikuzuie kulala asubuhi. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja usiketi kabisa: hizo ndizo saa za kuzunguka uzio, kugusa kufuli moja baada ya jingine, na kuandika. Mwezi wa Julai jijini Nairobi kabuti pekee halitoshi, vaa nguo mbili nyembamba ndani yake, na soksi za pili ziwe mfukoni zikiwa kavu.

Kwa walinzi wanawake kuna jambo la ziada ambalo kampuni nyingi hulifikiria baada ya tatizo kutokea, nalo ni usafiri wa saa kumi na mbili jioni na kumi na mbili asubuhi. Ulizia jambo hilo siku ya mahojiano, mbele ya mtu mwingine. Jibu utakalopewa litakueleza mengi kuhusu kampuni yenyewe.

Kitu kinapopotea

Pigo hili ndilo linalowamaliza walinzi wengi, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Katika mwaka wangu wa pili niliwekwa kwenye ghala lililokuwa na nyaya za shaba. Taa ya kona ya nyuma ilikuwa imekufa. Nilimwambia msimamizi wangu kwa mdomo usiku wa kwanza, nikamwambia tena usiku wa tatu, na naamini nilimkumbusha mara nyingine mbili au tatu kabla ya usiku ambao waya ulikatwa na marobota mawili yakatolewa kupitia kona hiyohiyo. Asubuhi yake mteja alipouliza ni nani aliyejua kwamba taa haiwaki, msimamizi alisema kwamba hakuambiwa. Kitabu cha matukio kilifunguliwa, na katika kurasa za usiku wote huo mwandiko wangu ulikuwa umerudia maneno mawili tu: hali shwari. Nilikatwa mshahara kwa miezi mitatu, na kwa kweli sikuwa na la kusema, kwa sababu mkono wangu mwenyewe ulikuwa umeshuhudia dhidi yangu.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafundisha walinzi kuandika kwa namna ambayo mtu asiyekuwapo anaweza kuliona lindo. Maneno kama hali shwari hayaelezi chochote. Maandishi yanayomlinda mlinzi huonyesha saa, mahali alipokuwa, alichokiona, aliyejulishwa na alichojibu. Kwa mfano: «0215. Nimezunguka uzio wa nyuma. Taa ya kona ya kaskazini haiwaki. 0218 nimemjulisha mkaguzi wa zamu kwa redio, amesema fundi atakuja asubuhi. Waya haujakatwa, kufuli la ghala limefungwa.» Baada ya hapo weka jina, namba na sahihi. Usiku unaofuata, ikiwa taa bado haiwaki, andika tena, hata kama unajiona kama mtu anayelalamika. Taa iliyoandikwa usiku kumi ni mzigo wa mwenye kuitengeneza.

Tumia saa za mtindo wa 24. Mlinzi akiandika saa mbili bila kufafanua, msomaji mmoja ataelewa saa mbili usiku na mwingine, aliyezoea kuhesabu kwa Kiingereza, ataelewa saa nane usiku, na tofauti hiyo ya saa sita inatosha kumweka mtu mahali pa tukio au kumtoa. Kuhusu lugha, wengi hujilazimisha kuandika Kiingereza wasichokimudu wakadhani ndicho kinachotakiwa. Katiba ya 2010 inaitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo ikiwa mteja wako hakutoa sharti jingine, Kiswahili kilichonyooka ni bora kuliko Kiingereza kitakachosomwa kinyume na ulichokusudia.

Makabidhiano ya zamu ndiyo saa yenye hatari kubwa. Anayeingia hufika amechelewa, anayetoka anakimbilia matatu, na kitabu hutiwa sahihi bila mtu kuzunguka. Kataa desturi hiyo hata kama itakuchukulia dakika 15 za ziada. Mzunguke pamoja, mhesabu funguo kwa idadi, mguse mlango wa stoo, kisha ndipo mtie sahihi. Kama mwenzako anakataa kuzunguka, andika kwamba amekataa na uandike saa.

Andika pia vifaa vinavyoharibika, hasa redio. Mnamo 7 Agosti 1998, magaidi walipofika na lori kwenye geti la nyuma la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, mlinzi wa kawaida, Mkenya aliyeajiriwa kupitia kampuni ya ulinzi, alikataa kuwafungulia. Taarifa ya uchunguzi ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba walinzi walijaribu kuwafikia wanajeshi waliokuwa ndani kwa redio na kwa simu, wasiwapate. Watu 213 walikufa katika jiji hilo siku hiyo. Huwa nawasimulia walinzi wapya kisa hiki wanapokuja kuniambia kwamba redio yao inakoroma tangu wiki iliyopita, nami huwauliza imeandikwa ukurasa gani.

Ikiwa mshahara umekatwa, anza kwa kuomba hati ya malipo, ambayo Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi ikionyesha kila kato. Sheria hiyo inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea au kuharibika mikononi mwa mfanyakazi pale ambapo hasara imetokana na kosa lake la makusudi, na inaweka mpaka kwamba makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kupotea kwa mali ukiwa zamu peke yake hakutoshi. Andika barua fupi ukiomba uelezwe kosa lako ni lipi na kiasi kilikokotolewaje, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Usiifanye barua kuwa ya matusi wala ya machozi: tarehe, lindo, ukurasa wa kitabu cha matukio, na swali lako.

Barua ya kujieleza na kikao

Barua ya kutakiwa ujieleze hutetemesha, na watu hufanya mojawapo ya makosa mawili: ama hawajibu kabisa, au hujibu usiku uleule wakiwa na hasira. Jibu ndani ya muda uliopewa, baada ya kulala, na umpe mtu mmoja mwenye busara aisome kabla hujaipeleka. Jibu kile kilichoulizwa tu. Kama ulikosea, sema umekosea wapi, kwa sababu kukana jambo ambalo kamera imelirekodi hugeuza kosa dogo kuwa suala la uaminifu, na katika kazi ya ulinzi mtu akishakosa kuaminiwa hana kingine cha kuuza.

Sheria inamtaka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na amsikilize, huku mfanyakazi akiwa na haki ya kuandamana na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama chake cha wafanyakazi. Itumie haki hiyo. Chagua mtu mtulivu atakayeandika yanayosemwa, kwa maana wewe utakuwa na wasiwasi na utasahau. Ukifukuzwa bila kusikilizwa, una miaka 3 ya kupeleka dai lako katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na mara nyingi ofisi ya kazi ya kaunti huweza kuwapatanisha kabla ya kufika huko. Kusema kweli, simshauri kila mtu kwenda mahakamani. Kesi huchukua muda mrefu na kiasi kinachodaiwa wakati mwingine ni kidogo kuliko nauli na siku zilizopotea. Lakini namshauri kila mtu ajue kwamba mlango huo upo, na mwajiri ajue kwamba yeye anajua.

Ukiumizwa kazini, ripoti siku hiyohiyo, hakikisha tukio limeandikwa katika kitabu, na kama ulishambuliwa na mtu uende kituo cha polisi upate namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 inamtaka mwajiri aiarifu serikali ndani ya siku 7 baada ya kupata habari. Mlinzi anayerudi lindoni akichechemea bila kumwambia mtu, kwa kuogopa kuonekana dhaifu, huja kuambiwa miezi miwili baadaye kwamba aliumia akicheza mpira.

Lindo linapofungwa

Mteja huhama kampuni, na asubuhi moja walinzi kumi huambiwa wakae nyumbani wakisubiri kuitwa. Kusubiri huko huweza kuchukua wiki, bila mshahara na bila barua. Wengi hutumia muda huo kukopa kwa programu za simu, na mkopo huo ndio unaowafanya wakubali lindo lolote baadaye kwa masharti yoyote. Omba kwa maandishi uelezwe hali yako ya kazi: je, umehamishwa, uko likizoni, au nafasi yako imeondolewa? Ikiwa imeondolewa, sheria inadai notisi ya angalau mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka kamili uliofanya kazi. Wakati huohuo nenda mwenyewe kwa kampuni iliyochukua lindo. Kampuni mpya hupenda kubaki na walinzi wanaojua kona za mahali hapo, na pendekezo la msimamizi wa jengo lina uzito kuliko barua ya maombi.

Kuhusu mshahara wenyewe nitasema machache. Kanuni za mishahara ya sekta ya ulinzi za 1998 zinataja wiki ya kawaida ya saa 52 katika siku 6. Anayefanya zamu za saa 12 kwa siku 6 hufikisha saa 72, kwa hiyo saa 20 za kila wiki ni za ziada na zinastahili kuonekana hivyo katika hati ya malipo. Mwishoni mwa 2023 ilitangazwa kwamba mlinzi wa Nairobi alipwe shilingi 30,000, suala likaishia mahakamani, na nawajua watu waliohamia nyumba za bei ya juu kwa kutegemea tangazo hilo. Panga matumizi kwa fedha zilizokwisha kuingia. Na angalau mara mbili kwa mwaka hakiki kama makato yako ya NSSF na ya bima ya afya yamefika yanakopelekwa.

Unaporukwa katika kupandishwa cheo

Hasira ya kurukwa ina haki yake, lakini kabla ya kuhitimisha kwamba ni ukabila au upendeleo, ambao kwa hakika upo, angalia nafasi iliyotangazwa ilihitaji nini. Kutoka mlinzi wa geti hadi kiongozi wa lindo, msimamizi, kisha mkaguzi, kinachoongezeka zaidi ni kuandika ripoti na kuzungumza na mteja aliyekasirika. Nguvu za mwili hazitajwi tena. Mtu anayeandika ukurasa mmoja wa ripoti unaoeleweka huonekana haraka, kwa kuwa ni wachache.

Ujuzi mwingine hufungua milango ya pembeni. Huduma ya kwanza hufundishwa na Msalaba Mwekundu na St John Ambulance. Mafunzo ya kuzima moto yana soko kwa sababu kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto zinazitaka sehemu za kazi ziwe na vikosi vya wafanyakazi waliofundishwa kazi hiyo. Chumba cha kamera kinamtaka mtu anayeimudu kompyuta na anayeweza kukumbuka sura. Kazi ya mbwa inamtaka mtu anayewapenda kweli, kwa maana mbwa humtambua mnafiki kabla ya meneja. Leseni ya udereva humhamisha mlinzi kutoka getini hadi kwenye gari la doria. Chagua kimoja kwa mwaka, ukilipie kidogokidogo kupitia chama au Sacco, na siku unapokipata upeleke nakala ya cheti kwenye faili lako la ofisini ukisainiwa kwamba kimepokewa. Nimeona vyeti vilivyokaa chini ya godoro miaka miwili huku mwenyewe akilalamika kwamba hajulikani.

Kisha muulize aliyefanya uamuzi, kwa adabu na faraghani, ni nini ulichokosa. Akikupa jibu la maana, una kazi ya kufanya. Akikwepa mara mbili, huna haja ya kuuliza mara ya tatu, anza kutafuta kampuni nyingine ukiwa bado na kazi.

Siku ya kuondoka

Toa notisi kwa maandishi kama mkataba unavyotaka, hata kama umekasirika, kwa sababu wakaguzi wa kampuni za mji mmoja hufahamiana na hupigiana simu. Rudisha sare, redio, rungu na tochi kwa orodha iliyotiwa sahihi na pande mbili, kifaa kwa kifaa, la sivyo vitakatwa katika malipo yako ya mwisho. Dai cheti cha utumishi, ambacho sheria inamlazimu mwajiri kukutolea, na ukisome hapohapo dirishani: jina liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho chako, tarehe ya kuanza na ya kumaliza ziwepo, na kazi uliyoifanya itajwe. Kama ulikuwa kiongozi wa lindo na wameandika mlinzi tu, usiondoke. Keti kwenye benchi la mapokezi, uwaonyeshe barua yako ya kupandishwa cheo, na usubiri wachapishe kingine.